Siku Niliyobebwa Nikiwa Mzima

Waliokuwapo kwenye mkutano ule, pale uwanjani pa zahanati, ni hawa. Mimi mwenyewe. Mkamwana wangu, mke wa kitinda mimba wangu, amekaa nyuma yangu amejifunika kitenge kikubwa. Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, ambaye akikohoa kwake bondeni wanaitikia. Mwenyekiti wa kitongoji, ambaye ni mtoto wa shemeji yangu mdogo, kwa hiyo mimi ni mama yake mkubwa na wifi ni shangazi yake. Mkuu wa wabebaji wa engozi, ambaye wazazi wake walitoka Rwanda kuja kulima kahawa za watu, wakabaki, na mama yake alikuwa rafiki yangu mpaka tulipomzika. Na nesi, binti wa kutoka mbali, Kinyambo chetu alikuwa hajakijua zaidi ya salamu. Wengine walikuwa wengi, wamekaa majanini. Majina yao yote ninayo, na ya baba zao, lakini sitayaandika. Mambo ninayoyasema ni ya matumbo ya wanawake, na watoto waliozaliwa humo leo wanasoma shule. Sitaki mtu acheke mtoto.

Sasa nieleze kwanza, kwa sababu asiye wa huku hataelewa.

Kwetu Kyerwa, kama ilivyo kwa wazazi wangu kule Igurwa, mwanamke akishikwa na uchungu hasemi. Wazee walituambia kwamba uchungu ukijulikana na watu wengi unarefuka, kila anayejua anaongeza wake. Kwa hiyo unaendelea na kazi. Unamenya ndizi, unafagia, ukisalimiwa unaitikia. Anaambiwa mtu mmoja tu, na yeye hamwambii wa pili. Sisemi ni kweli, sisemi ni uongo. Watoto wangu wote niliwazaa hivyo.

Na kwetu pia kuna engozi. Ni kitanda cha kusukwa, kama tenga refu, kimefungwa kwenye miti miwili, na watu wanne wanakiweka mabegani, wengine wanafuata nyuma wa kupokezana. Mgonjwa anapelekwa nacho hadi inapofika pikipiki, na wakati wa masika hadi zahanati kabisa, maana njia yetu ikilowa utelezi wake hauna mchezo. Kila nyumba ina mtu wake kwenye engozi. Ukikutana nayo njiani, hata kama unakwenda sokoni Nkwenda na mbuzi wako, unasimama. Unauliza, "Mmebeba nani?" Unajibiwa. Kisha mbuzi unamfunga kwenye mti, unatia bega. Ni lazima uulize na ni lazima ujibiwe, kwa sababu mtu hatoi bega lake asijue anambeba nani.

Basi angalieni. Mila moja inasema usimwambie mtu. Mila nyingine inasema kila mtu njiani aambiwe. Katikati yake ndipo wanawake wetu walipokuwa wanangojea, na kungojea kwao ndiko kulikotuzikisha watoto.

Mkamwana wangu alikuwa ameshazika mmoja. Siku hiyo nilirudi kutoka kupalilia nikamkuta anamenya ndizi, jasho linamtiririka. Nikamuuliza. Akasema ni jua. Jua lenyewe lilikuwa limeshajificha. Alipoanguka pale juu ya maganda ndipo tulipoita engozi, na wabebaji walikimbia kweli, siwezi kuwalaumu. Mtoto alizaliwa kwenye daraja la magogo, bondeni, hakulia. Alikuwa wa kiume. Tulimfunga kwenye shati la baba yake na wakamrudisha kilimani kwa engozi ileile, pembeni ya mama yake.

Baada ya siku za msiba nilimuuliza kwa nini hakuniambia hata mimi. Alisema, "Mama, niliona nikikwambia wewe, shangazi atajua. Na shangazi akijua, kwaya yake yote itajua." Tulicheka kidogo. Kisha tukaacha kucheka.

Kwa hiyo siku ya mkutano mimi nilikuwa nimekuja kwa ajili ya tumbo la pili, lile lililokuwa nyuma yangu chini ya kitenge. Mengine yote niliyasikiliza kwa sikio moja. Nilitaka kujua jambo moja tu: huyu tutamvushaje daraja.

Nesi alisimama akasema, "Wazee wangu, shikamooni. Leo sikuja kuwagombeza. Nataka mniambie ninyi. Kina mama wanakuja kupimwa vizuri, vidonge wanakunywa. Ikifika siku yenyewe nawapokea wamechoka, sauti haitoki, au wamejifungulia njiani. Wanachelewa wapi?"

Watu wakasema umbali. Wakasema mvua. Mama mmoja akasema wanaume, wanaume wakasema wanawake. Yote yalikuwa ya kweli na hakuna lililokuwa jibu. Ndipo mwenyekiti alipoingiza mkono mfuko wa koti akatoa filimbi mpya, ameinunua Nkwenda, inang'aa. Akasema kila upande wa kilima utapewa yake. Mama akishikwa, inapulizwa, wabebaji wanakuja mbio. Akaipuliza tuisikie. Watoto wakaja wakikimbia, mbwa wakabweka. Wanaume wakapiga makofi.

Wanawake tukaangalia majani.

Wifi yangu akasimama. "Mwenyekiti, mtoto wa kaka yangu."

"Naam, shangazi."

"Mkeo akishikwa utampulizia filimbi kama refa?"

Uwanja wote ukacheka. Mwenyekiti akasema, "Shangazi, hii ni ya dharura."

"Ukishapuliza, kilima kitasema nini?"

"Kitasema mke wa mwenyekiti ana uchungu."

"Umejibu mwenyewe. Kaa chini, mwanangu."

Akakaa. Nesi akatuangalia mmoja mmoja. Aliuliza ubaya uko wapi watu wakijua. Jambo hilo halisemwi, tena mbele ya wanaume, tena kwa msichana ambaye hajazaa. Nilihisi mkamwana wangu amenishika upindo wa gauni kwa nyuma. Basi nikasimama nikasema mimi. Nilimweleza kama nilivyowaeleza ninyi hapa, ya uchungu unaorefuka, na ya swali la njiani. Alisikiliza mpaka mwisho na hakucheka, na kwa hilo nilimheshimu. Akafikiri, akamgeukia mkuu wa wabebaji.

"Baba, mkiulizwa, hamwezi kusema mmebeba mgonjwa mwingine?"

Yule mzee ni mtu wa maneno machache. Alisema, "Binti yangu, sisi njiani hatudanganyi. Nikisema nimebeba fulani na aliyemo si fulani, siku nyingine nitapita hapo na hakuna atakayetoa bega. Na atakayekufa hapo ni mgonjwa, si mimi."

Upepo ulikuwa unapeperusha vumbi la uwanja, na nikaanza kufikiri kwamba tutaondoka vilevile tulivyokuja.

Wifi, ambaye alikuwa bado amesimama, akasema, "Basi mbebeni kweli huyo fulani."

"Fulani yupi?"

Akaninyooshea kidevu. "Huyu hapa. Ameshazeeka, akibebwa nani atashangaa?"

Kicheko kikawa kikubwa kuliko cha filimbi. Nikamwambia, "Wifi, wewe si mkubwa kwangu?"

"Mkubwa ndiyo, lakini mimi ni mzito. Nawahurumia vijana wa watu."

Watu walicheka, lakini kicheko kilipokwisha niliona wanaume wameacha kucheka na wanaangaliana. Mwenyekiti akasema, "Lakini mama mkubwa ni mzima. Kumbeba mtu mzima nako ni uongo." Hapo nesi akaniuliza, "Bibi, presha umewahi kupimwa?" Nikamwambia sijawahi, mimi kulala zahanati sijalala. Akasema, "Basi wewe ni mgonjwa wangu. Wakikuleta, nitakupima kabla ya yote, mtu asiseme umeletwa bure."

Mkuu wa wabebaji aliinama akawa anachora chini kwa fimbo yake. Kisha akasema, "Nikiulizwa, nitasema nimebeba bibi. Na bibi anakwenda zahanati kupimwa. Hapo ulimi wangu hauna dhambi." Akaniangalia. "Ila mama, usije ukakaa humo unapunga mkono kama rais."

Ndivyo tulivyokubaliana. Mama akishikwa, bado ana nguvu za kutembea, kikongwe wa nyumba hiyo ndiye anayeumwa. Engozi inakuja kwa ajili yake. Mkamwana anafuata nyuma na kikapu, kama mkamwana yeyote anayemsindikiza mama mkwe, na ndani ya kikapu ni kanga zake na chupa ya uji. Wakishavuka daraja, nyumba zetu zimekwisha, bibi anashuka na mama anapanda. Nesi alifurahi hasa kwa sababu moja. Alisema, "Mtakuja mapema. Mimi shida yangu ilikuwa hiyo tu." Na wabebaji je, wao si watajua? Niliwauliza wenzangu, wakasema kujua bila kuambiwa si kujua. Sijui kama neno hilo limo kitabuni, lakini kwetu lipo. Mwenyekiti akairudisha filimbi mfukoni.

Siku yenyewe ilikuja asubuhi, jua limeshapanda, saa mbaya kuliko zote, kwa maana kilima kizima kiko nje. Maharage yalikuwa kwenye maua na kila mtu yuko shambani na jembe. Mwanangu alikuwa Omurushaka, anajenga nyumba ya mtu. Nilikuwa nachambua maharage ya kupika. Mkamwana akaja akasimama mlangoni, mkono mmoja umeshika mwimo.

"Mama," akasema, "leo hujisikii vibaya?"

Niliangalia ule mkono. Vidole vilikuwa vimekuwa vyeupe.

"Najisikia vibaya sana, mwanangu," nikasema.

Nilivua kandambili nikalala. Wifi, ambaye nyumba yake inapakana na yetu, nikamtumia mtoto wa jirani amwambie kichwa changu kinapasuka. Nilitegemea atakwenda kwa wabebaji kimyakimya. Kumbe! Alitoka uani akapiga kelele hadi kuku wakaruka: "Jamani, wifi yangu! Wifi yangu mwenzenu!" Alilia kweli, na machozi. Baadaye nilimuuliza aliyatoa wapi, akasema alifikiria siku nitakayokufa kweli.

Wabebaji walikuja. Mkuu wao aliniinamia, akasema kwa sauti ya watu wote, "Pole, mama." Mimi nikafumba macho. Wakaniweka kwenye engozi, wakanifunika blanketi, wakaninyanyua.

Niwaambie, kubebwa ukiwa mzima si jambo la raha. Unaona mbingu na migomba inapita juu yako kama unapelekwa kuzikwa. Nilisikia miguu yao, nilisikia pumzi zao, na katikati ya vyote hivyo nilikuwa naisikiliza miguu ya nyuma, miguu ya mkamwana wangu na malapa yake. Yakipiga sawasawa, namshukuru Mungu. Yakisimama, nakohoa kwa nguvu, na wabebaji wanapunguza mwendo kwa ajili ya mgonjwa. Tulikwenda hivyo, yeye akisimama, mimi nikikohoa.

"Mmebeba nani?" watu waliuliza.

"Bibi," wakajibu, wakataja jina langu.

Kwenye kona ya kuteremka tulikutana na rafiki yangu, mwanamke ambaye wazazi wake walitoka Burundi; mkutanoni hakuwapo. Tumelima naye kwa zamu tangu ujana, leo kwangu kesho kwake. Aliposikia jina langu alitupa jembe. Alinishika mkono akalia, akaniita kwa jina ambalo ni yeye tu ananiita. Nilitaka kumwambia nyamaza, mimi mzima, lakini kulikuwa na watu. Nikaubana mkono wake tu. Akaendelea kutembea pembeni yangu anasema, "Usiniache, usiniache." Kisha nikasikia malapa ya nyuma yamesimama kwa muda mrefu kuliko mara zote. Rafiki yangu akageuka. Aliangalia nyuma, sijui aliona nini, lakini kilio kilikatika palepale kama mtu aliyefunga mlango. Akaniachia mkono. Alirudi nyuma, akachukua kikapu kutoka kwa mkamwana wangu, akakitia kichwani kwake, na mkono wa pili akamzungushia kiunoni kama vile mkamwana ndiye anayemzuia yeye asianguke kwa majonzi. Hakuuliza kitu. Mwanamke yule ana akili.

Tukafika darajani. Maji yalikuwa yamepanda hadi karibu na magogo. Tukavuka polepole, wao kwanza na mimi, kisha wale wawili wameshikana. Alipokanyaga gogo la mwisho, mkamwana wangu akasimama na maji yake yakamtoka, yakalowanisha miguu. Nilisikia akisema kwa sauti ndogo, "Mama."

Mahali pa kubadilishana ni hapo. Lakini tulipopanga mkutanoni hakuna aliyefikiria msimu. Upande ule wa pili, juu tu ya daraja, ni shamba la maharage la mteremko, na siku hiyo lilikuwa limejaa watu wa kilima chetu wanapalilia pamoja, wanawake na wanaume, safu nzima wametugeukia. Majembe yalikuwa yamesimama. Wote walikuwa wanatuangalia, kwa sababu engozi ikipita kila mtu anaangalia.

Nikasema, "Nishusheni."

Mkamwana wangu akasema, "Hapana. Mama, hapana. Wote wananiona." Akaonyesha mbele. "Nitatembea mpaka pale kwenye miti."

Kwenye miti palikuwa mbali. Na alikuwa amesimama palepale daraja linapoishia, mahali mtoto wake wa kwanza alipozaliwa. Niliuona uso wake nikajua haogopi macho tu. Alikuwa ameshapiga hesabu ya watu wote wale, kila mmoja akiongeza uchungu wake, na yeye asifike. Mkuu wa wabebaji alikuwa na mti begani, hana la kufanya. Nikafikiria niteremke kwa nguvu, nimburute nimtie humo. Lakini angegoma, namjua.

Ndipo nilipoona jambo ambalo nalieleza kwa watu mpaka leo na wengine hawaliamini. Mzee mmoja aliyekuwa mwanzoni mwa safu, mtu mkorofi, tuliyegombana naye miaka mingi kwa ajili ya mpaka wa shamba, aliinama akaokota jembe lake. Akageuka, akatupa mgongo, akaanza kulima kuelekea juu ya kilima. Aliyefuata akageuka. Mke wake akageuka. Safu yote ikageuka kama mtu mmoja anayepindua mkeka, migongo yao kwetu, na majembe yakaanza kupiga. Kuna mwanamke mmoja alianzisha wimbo wa kanisani, wakaupokea, wakaimba wakilima kuelekea juu, mahali ambapo palikuwa pameshapaliliwa.

Nikashuka. Mkamwana wangu akapanda bila mtu kumwambia, rafiki yangu akamfunika blanketi mpaka kichwani, na wabebaji wakakimbia. Njia yote kuanzia pale hatukukutana na wa kuuliza. Mimi na rafiki yangu tulifuata kwa miguu tukishikana, na nyuma yetu wimbo ulikuwa unasikika bado, na hakuna aliyegeuka hata tulipokuwa juu.

Tulipofika, mtoto alikuwa ameshatoka. Wa kike. Nesi aliniambia baadaye kwamba hakulia mwanzoni, alikuwa wa buluu, na alimfuta na kumpulizia hewa kwa kile kifaa chao cha mpira mpaka akakunja uso na kulia. Mama yake alivuja damu sana, akachomwa sindano, ikakatika. Nesi alikuwa amekaa chini sakafuni ameegemea ukuta, amechoka yeye mwenyewe. Alisema, "Bibi, wangechelewa kidogo, nisingekuwa na la kufanya." Nilimsogelea mkamwana wangu. Alikuwa amefumba macho, mtoto yuko kifuani. Akasema bila kuyafumbua, "Mama, waliangalia?"

Nikamwambia, "Hakuna aliyeangalia."

Presha nesi alinipima, hakusahau. Ilikuwa juu, na vidonge nakunywa mpaka leo.

Tuliporudi kilimani watu walikuja, kama ilivyo desturi. Kila aliyeingia aliniambia mimi kwanza, "Pole, bibi, kwa kuugua." Nikajibu, "Nimepona." Kisha wakamgeukia mkamwana, "Hongera, kumbe ulikuwa na mgeni!" wakashangaa kwa sauti kubwa, hata wale waliokuwa kwenye safu. Yule mzee mkorofi alileta mkungu wa ndizi. Mpaka wa shamba hatujaumaliza, lakini mkungu aliuleta.

Tangu hapo vikongwe wengi wa kilima chetu wameugua. Nesi anawapima wote. Kila mtu anajua, hata watoto nadhani wanajua, na hakuna anayesema. Wake wa vibarua wanaokuja kulima kahawa, ambao mama wakwe zao wako mbali, wanatuazima sisi, mimi nimeshabebwa kwa ajili ya wawili. Mtoto wa huyo wa pili hakukaa duniani. Tulifika mapema, nesi alifanya yote, na hakukaa. Nilimsindikiza mama yake kurudi, tukitembea polepole, na pale bondeni watu walikuwa shambani. Walitugeukia, wakavua kofia. Ilikuwa sawa pia.

Sasa mambo haya nimeyaandika kama ninavyoyakumbuka, na kichwa changu ni cha mtu anayekunywa vidonge. Wifi anasema siku ile mvua ilikuwa imeshaanza kunyesha, mimi nasema ilikuwa bado, ingenyesha wasingekuwa shambani. Rafiki yangu anasema aliyeanzisha wimbo ni mwanamume. Na huenda aliyegeuka kwanza si yule mzee, ila nilimwona yeye kwanza kwa sababu ya ugomvi wetu. Wewe unayesoma, kama ulikuwa kwenye safu ile, au mama yako alikuwapo, njoo uniambie nilipokosea. Karibu uani, tutatafuna kahawa, ndivyo tunavyokaribishana huku, nami nitafuta na kuandika upya. Mgongo wako sikuutambua siku ile, na ningependa kukushukuru kwa jina.